Suratut-Talaq niliihifadhi nikiwa na miaka 11, maana yake nikaijua nikiwa na 34

Kijana wa Chumbageni

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu tangu Ramadhani. Ni mrefu, mwenye haraka auwekee alama aurudie usiku.

Nimezaliwa Tanga mjini. Tangu nina miaka tisa nimelelewa na bibi mzaa mama, na sababu ni usiku mmoja ambao baba alimpa mama talaka tatu kwa mkupuo. Nilikuwa macho. Mama alikuwa ametoka arusini Pangani, gari likawachelewesha, akafika saa tano usiku. Baba alisimama mlangoni, akasema maneno yale, akaingia chumbani. Mama hakujibu kitu. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa keshafunga nguo zetu kwenye khanga mbili, akatushika mkono mimi na mdogo wangu, tukatembea mpaka kwa bibi.

Hakuna aliyemsukuma. Alitoka kwa sababu dada zake na shangazi zake wote walitoka hivyohivyo. Ukishatamkiwa, unafunga khanga, unarudi kwenu. Ndivyo alivyojua na ndivyo baba alivyojua.

Nawaomba msimhukumu baba kwa haraka. Alikuwa mtu wa msikiti, sala tano, na hata baada ya kuachana ni yeye aliyekuwa akimlipa maalim wetu. Chuoni, yaani madrasa, tulianza Juzuu Amma, tukapanda Tabaraka, kisha Qad Samia. Humo katika juzuu ya 28 imo Suratut-Talaq, sura ya 65, aya 12. Nilipotimiza miaka 11 naisoma kwa moyo, sikosei hata madda. Siku ya Maulidi ya chuo nilisimamishwa kuisoma mbele ya watu, na mama alikuwa amekaa upande wa wanawake akinisikiliza.

Miaka 23 baadaye niko Dar es Salaam, baada ya Alasiri, nimekaa kwenye darsa ya tafsiri. Sheikh anafika sura hiyo. Aya ya kwanza inakataza wanawake waliotalikiwa kutolewa majumbani wakati wa eda, ule muda wa kungoja baada ya talaka, isipokuwa wakifanya uchafu wa wazi, na wao pia wanaambiwa wasitoke. Inasema nyumba *zao*. Aya ya pili: muda ukikaribia kwisha, kaeni nao kwa wema au achaneni nao kwa wema, na mshuhudishe watu wawili waadilifu. Aya ya sita: wawekeni mnapokaa nyinyi, kwa kadiri ya uwezo wenu, wala msiwadhuru mkawatia dhiki.

Darsa ilipokwisha nilimfuata sheikh nikamuuliza, na kama mume ametoa tatu kwa mara moja? Akanijibu kwamba kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, tatu za mkupuo zinahesabiwa tatu na rejea hakuna, yaani mume hawezi kumrudia mkewe ndani ya eda, ingawa wapo wanazuoni wanaozihesabu moja. Lakini haki ya mke kukaa katika nyumba ile mpaka eda yake iishe, akasema, haiondoki hata kwa talaka tatu.

Nilivaa viatu nikakaa kwenye ngazi za msikiti mpaka Magharibi. Nilikuwa nimesimama mbele ya mama yangu, mwenye miaka 11, namsomea haki yake kwa sauti nzuri, yeye hajui ninachosema na mimi sijui ninachosema.

Sasa hoja yangu. Kila mara mjadala wa ndoa ukizuka humu, swali huwa: je, watu waliolelewa katika dini huachana kidogo kuliko wengine? Mimi nimeacha kuamini kwamba hilo ndilo swali. Kwa ninavyoona, malezi ya dini hayaamui sana kama watu wataachana. Yanaamua wataachana *vipi*, na kabla ya hapo watagombana vipi. Na sehemu hiyo hasa, ya ugomvi na ya kuachana, watoto hatufundishwi. Tunaachiwa tuione nyumbani, halafu tunachokiona tunakiita dini.

Nitaendelea na yaliyonikuta katika ndoa yangu mwenyewe. Kwanza nisikie wenzangu.

Mama Wawili

Kaka, umenitoa machozi kazini.

Mimi kwetu Lindi. Nilichezwa unyago, nikawa na somo wangu, yaani kungwi wa kunifunda, mwanamke mwenye heshima zake. Nilifundishwa usafi, kupika, kumpokea mume, kutotoa siri ya chumbani. Sijutii, mengi yamenisaidia. Ila neno nililolisikia kuliko yote ni *vumilia*. Hakuna aliyeniambia kipimo chake. Nikavumilia kipigo miaka minne, na kila nikirudi nyumbani mama ananipikia, ananikanda kwa maji ya moto, kesho yake ananirudisha.

Neno khului, mke kujivua ndoa kwa kurudisha mahari, nililisikia nikiwa na watoto wawili, tena kwa shehe wa wilaya, siyo kwa somo, siyo kwa mama, siyo chuoni. Alinikalisha akanihadithia mke wa Thabit bin Qays. Yule mama alimwendea Mtume akasema simlaumu mume wangu kwa tabia wala kwa dini, ila siwezi kuishi naye. Mtume akamuuliza kama atarudisha shamba alilopewa mahari, akakubali, wakaachana. Kisa kimo katika hadithi sahihi! Nililia mbele ya yule mzee. Nilikuwa nimeishi nikiamini kuwa mwanamke anayeomba kutoka hatasikia hata harufu ya pepo. Shehe akanambia makamio hayo ni kwa anayeomba talaka bila sababu, wewe jino lako liko wapi?

Nilirudisha mahari nikajivua. Leo ni miaka sita tangu nitoke, nafanya biashara yangu ya vitenge. Baba watoto anakuja kuwaona Jumapili, tunasalimiana vizuri.

Mzee wa Handeni

Mwanangu, nakuheshimu, lakini mnakokwenda siko. Mtoto ukimfundisha talaka, atatalikiana. Wazee wetu hawakujua eda za kwenye vitabu wala khului, na ndoa zao zilidumu. Siku hizi kila mtu anajua haki zake na nyumba zinabomoka. Tufundisheni watoto kuvumiliana na kumcha Mungu, hayo mengine watayakuta.

Kijana wa Chumbageni

Shikamoo mzee wangu. Nakujibu kwa adabu, na nakushukuru kwa kusema wazi linalosemwa na wengi.

Kwamba ndoa za wazee zilidumu, inategemea tuko wapi. Bibi yangu aliyenilea, Mungu amrehemu, aliolewa mara nne. Wawili walimwacha, mmoja alikufa, wa nne alikuwa naye mpaka bibi alipokufa. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Shoga zake nao walikuwa hivyohivyo, na kila mmoja alikuwa mtu wa sala. Huku pwani talaka ni ya zamani na mwanamke aliyeachwa huolewa tena bila makelele. Kwa hiyo sisi kwetu kulelewa kidini hakukufunga mlango wa talaka hata kidogo. Aliyekulia bara katika malezi ya kimisheni ataniambia habari tofauti, na nahisi yupo humu anaandika.

Kuhusu kuvumilia, sipingi uvumilivu, hakuna ndoa bila huo. Tatizo langu ni nani aliyefundishwa. Bibi alikuwa na vipande vya Utenzi wa Mwana Kupona kichwani, ule uliotungwa mwaka 1858 na mama wa Kipate akimuusia binti yake Mwana Hashima. Radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, ya mume. Alikuwa akiwasomea dada zangu binamu jioni wakisukana. Naupenda mpaka leo, ni mama mgonjwa anayemwachia mwanawe alichonacho. Lakini mimi mvulana niliyekuwa nimekaa palepale nikipepea mkaa, bibi hakuwa na utenzi wa kunisomea. Hakuna aliyenikalisha kuniusia namna ya kukaa na mke. Nilichorithi kuhusu kuwa mume ni ule usiku wa mlangoni.

Kuna mtafiti wa Kimarekani, Susan Hirsch, aliyekaa katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi miaka ya 1980 akisikiliza mashauri. Alichokiona ni kwamba picha iliyozoeleka ni ya mume anayetamka na mke anayevumilia, ila ukikaa ndani ya mahakama unawakuta wanawake ndio wanaoleta kesi, wanaeleza habari zao kinagaubaga, na mara nyingi wanapata haki yao. Nilipolisoma hilo nilijiuliza kwa nini mwanamke angoje mpaka afike kwa kadhi ndipo asikilizwe.

Mrombo

Nimefika, mkuu. Ulinihisi kweli.

Nimezaliwa Rombo, Kilimanjaro, familia ya Kikatoliki, jumuiya kila wiki, katekisimu kwa moyo kama wewe na juzuu zako. Ukiniamsha usiku wa manane ukaniuliza tabia za ndoa nitakujibu: umoja na kutovunjika. Kwetu neno talaka halikutamkwa mezani. Na nyumba zilivunjika kama kawaida, ila zilivunjika bila jina. Baba anahamia Dar, ana mwanamke na watoto kule, anarudi Krismasi, mama bado ni mke wa fulani, wanapiga picha ya familia. Ukija na daftari kuhesabu talaka kijijini kwetu utaandika sifuri.

Mama yangu hakupata hata hiyo nafuu ya mume kuwa mbali. Baba alimvunja mkono mwaka 1996. Akatuchukua tukaenda kuishi kwa mjomba Himo, na hakurudi. Na tangu siku ile hakukomunika, yaani hakupokea Ekaristi. Miaka 14. Kila Jumapili tunapanda kupokea, yeye amekaa kwenye benchi ameinamisha kichwa, kwa sababu aliamini kumwacha mume wa ndoa ya kanisani ni kuishi katika dhambi. Watu wa jumuiya nao waliamini hivyo. Hakuwa na mwanaume mwingine yeyote, maisha yake yalikuwa kibarua na sisi.

Mwaka 2010 alikuja paroko mpya. Akamuuliza kwa nini hapandi. Mama akaeleza. Yule padri, naambiwa, alikaa kimya kwanza. Kisha akamwambia Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenye ndoa kuishi mbali na mwenzake anayemhatarisha yeye au watoto, roho au mwili. Kutengana hakukuwa dhambi yake, na hakuna siku hata moja aliyokuwa amezuiliwa. Jumapili iliyofuata alipanda kupokea, kashika mkono wangu. Mimi mtu mzima nilitetemeka.

Sasa unaposema hatufundishwi sehemu ya ugomvi, naelewa kwa mifupa yangu. Katekista wetu alikuwa mwema na alijua vitabu. Alitufundisha kwamba ndoa haivunjiki, na hilo ndilo fundisho la Kanisa, siligombi. Ila alituachia hapo. Hakutuambia kwamba Kanisa lilelile linajua kuna watu wanapigwa na limewawekea njia. Wala hakutuambia kuhusu tamko la ubatili wa ndoa, ambalo si talaka, ni Kanisa kuchunguza na kutamka kwamba ndoa haikuwapo tangu mwanzo, tuseme mtu alilazimishwa kwa vitisho, au hakuwa na uwezo wa kuelewa anachokiahidi. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliurahisisha utaratibu huo. Zamani hukumu ya kwanza ilibidi ithibitishwe na ya pili, sasa moja inatosha isipokatiwa rufaa, na pale ambapo wote wawili wanakubali na ushahidi uko wazi, askofu mwenyewe anaweza kuamua kwa njia fupi. Waulize wanandoa wa parokia yako wangapi wanajua.

Wakili wa Mkoani

Naongeza ya sheria, maana naona watu wanachanganya.

Tanzania Bara ina Sheria ya Ndoa moja ya mwaka 1971, na inatuhusu sote: wa msikitini, wa kanisani, wa kimila, wa bomani. Talaka ya mdomo peke yake haivunji ndoa mbele ya sheria hiyo. Kifungu cha 101 kinataka shauri lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, isipokuwa mazingira machache yaliyotajwa, mfano mume ametoweka na hajulikani alipo. Yapo mabaraza ya kata, na taasisi za dini nazo zina ya kwao. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na hati hiyo ndiyo inayokufikisha mahakamani.

Kwa ndoa ya Kiislamu kuna kifungu cha 107(3). Baraza likishatoa hati kwamba limeshindwa, na *baada ya hapo* mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa Uislamu lingevunja ndoa, mahakama itaona ndoa imevunjika na kutoa talaka. Angalieni mpangilio: usuluhishi kwanza, talaka baadaye. Wanaume wengi ninaowaona wanakuja wamekwisha kuligeuza.

Kwa Wakristo, mahakama inaweza kuvunja ndoa ya kanisani. Kutengana miaka mitatu ni moja ya mambo yanayoweza kuthibitisha ndoa imevunjika. Kanisa Katoliki litaendelea kuwahesabu ni mke na mume, na mtu lazima alijue hilo kabla hajaanza kesi, asije akashangaa anapotaka kuoa tena kanisani.

Mali: kifungu cha 114. Kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983, Mahakama ya Rufani, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wanawake wengi wanaijua sehemu hiyo. Wachache wanajua kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa sababu mume alikuwa amempa fedha za biashara na mahakama ikaona alizitapanya.

Zanzibar sheria hii haitumiki, kule kuna mahakama za kadhi. Kenya nako Katiba ya 2010 inazitambua katika ibara ya 170, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kufika huko.

Kijana wa Chumbageni

Mrombo, nimekusoma mara mbili. Mama yangu alitoka wakati dini yake ilimwambia kaa. Mama yako alijinyima wakati dini yake ilimwambia panda upokee. Sina la kuongeza hapo, mpe salamu zangu.

Nilisema nitaendelea na ya kwangu.

Mwaka 2016 mimi na mke wangu tulifika pabaya. Kisa kilikuwa hela. Nilikuwa natuma kila mwezi kwa mdogo wangu wa kike aliyekuwa ameachika na watoto watatu, na sikumwambia mke wangu kiasi gani. Akaona ujumbe kwenye simu. Maneno yakawa mengi, akamtaja mama yangu. Nikasimama. Na wakuu, nawaambia ukweli wa Mungu, nilijikuta nimesimama *mlangoni*. Mkono umeshika fremu, mguu mmoja nje, neno liko kwenye ulimi. Sikuwa nimepanga kumwacha, nampenda. Ila hasira ilipofika kiwango kile, mwili wangu ulikuwa na njia moja tu inayoijua, na ilikuwa njia ya baba.

Niliyemwona ni binti yangu, ana miaka minne, amekaa kwenye mkeka na bakuli la uji. Nikatoka bila kusema kitu. Nililala kwa rafiki Temeke siku mbili.

Siku ya tatu nilimpigia mjomba. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 35, imo amri ya kuweka hakamu, yaani msuluhishi, mmoja wa watu wa mume na mmoja wa watu wa mke. Aya hiyo nayo nilikuwa naisoma kwa tajwidi tangu utotoni. Kwa upande wangu akaja mjomba kutoka Tanga, fundi seremala, hakusoma sana. Kwa upande wa mke wangu akaja kaka yake mkubwa.

Nitawaeleza walivyofanya kwa sababu sijawahi kuona mahali pengine. Hawakutukalisha pamoja. Mjomba alimchukua shemeji wakaenda kwa mke wangu kwanza, wakamsikiliza yeye peke yake tangu Dhuhuri mpaka Alasiri. Mjomba *wangu* ndiye aliyeuliza, kaka yake akanyamaza. Kisha wakaja kwangu, na safari hii kaka yake ndiye akauliza, mjomba akanyamaza. Yaani kila mmoja alihojiwa na mtu wa upande wa pili. Shemeji akaniuliza swali moja lililonivunja: "Hizo hela ungempa dada yako mbele ya mkeo, ungeona aibu gani?" Nikakosa jibu. Kumbe sikuwa nikimficha mke wangu pesa. Nilikuwa namficha kwamba kwetu wanawake wanarudishwa, na mdogo wangu ni wa pili baada ya mama.

Usiku wakatukutanisha. Hawakutoa hukumu nani mkosa. Wakasema: kiasi cha kutuma kitajulikana kwa wote wawili, mke wangu ndiye atakayekituma kwa simu yake, na jina la mama wa yeyote halitatajwa kwenye ugomvi. Wakaondoka, wakarudi baada ya wiki mbili kuangalia. Na baada ya mwezi tena. Mke wangu na mdogo wangu leo ni mashoga, wanapigiana simu kuliko wanavyonipigia mimi.

Mzee wa Handeni, hiyo ndiyo elimu ninayoililia. Sikufundishwa talaka pale, nilifundishwa kugombana. Na kama wangeshindwa, basi wale wale wawili wangekuwa mashahidi wa kuachana kwetu, eda ingekaliwa nyumbani, kitoka nyumba, ile zawadi ya kumuaga mke, ningekitoa, na binti yangu asingetembea gizani na bulungutu.

Mzee wa Handeni

Mwanangu nimekusikia. Huyo mjomba wako ni mtu. Zamani kwetu nako washenga waliopeleka posa ndio walioitwa ndoa ikitikisika, kwa hiyo mshenga hakukubali kutumwa ovyo. Siku hizi mshenga analipwa nauli na soda, harusi ikiisha humjui tena. Hapo nakubaliana na wewe. Ila la kuwafundisha watoto wadogo mambo ya kuachana bado linanisumbua. Unawaambia nini na wana umri gani?

Mama Wawili

Na mimi nataka kujua hilo. Wangu wana 13 na 10, wananiuliza kwa nini baba hakai hapa.

Kijana wa Chumbageni

Wangu ni binti wa 12 na mvulana wa 9. Siwakalishi nikawahutubia. Baada ya Magharibi tunasoma aya chache, mmoja anasoma Kiarabu, mwingine anasoma tafsiri ya Kiswahili. Tumekwenda hivyo tangu Juzuu Amma. Mwaka huu tulifika Qad Samia. Niliweza kuiruka ile sura, sikuiruka.

Mvulana ndiye aliyesoma tafsiri ya aya ya kwanza. Akafika pale pa kutowatoa katika nyumba zao, akasimama. Akaniuliza: "Baba, mbona bibi alihama kwa babu usiku?" Alikuwa amesikia kwa dada yake, na dada yake kwa mama yao. Nikawaambia babu alikosea na bibi hakujua, na hakuna mtu aliyekuwa amewasomea maana. Akauliza tena, kwa hiyo kosa ni la nani? Nikashindwa. Binti akasema ni la waliojua wasiseme. Sikumpinga.

Mama Wawili, kwa hao wako nadhani ukweli mfupi unatosha: tuliishi vibaya, tukaachana kwa heshima, baba yenu ni baba yenu. Kwa sababu *mliachana kwa heshima* kweli, Jumapili wanakiona. Kwa Mzee wa Handeni, mvulana nimemwambia jambo moja tu la ziada, kwamba mume akikasirika anakaa, akiwa amekaa analala, na anatawadha. Hilo ni fundisho la Mtume, na anaweza kulifanya hata akiwa na miaka tisa akigombana na dada yake. Juzi nilimkuta amelala chali sebuleni mchana, nikamuuliza unaumwa? Akasema nimekasirika.

Bado jambo moja ambalo sikuwa nimewaambia. Siku ile ya darsa, baada ya Magharibi, nilimpigia mama. Nilikuwa nimeshindwa kungoja nifike Tanga. Nikamsomea aya kwa Kiarabu, akaifuata kwenye simu, anaijua kwa kunisikia. Kisha nikamsomea maana yake taratibu. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika.

Akasema, "Kumbe nilikuwa na miezi mitatu."

Nikamwambia ndiyo mama, twahara tatu, katika nyumba yako.

Akauliza, "Na baba yako alikuwa anajua?" Baba alifariki 2009, sikuwahi kumuuliza. Nikamwambia sijui.

Akasema, "Hakujua. Angejua angeniacha nikae. Yule alikuwa anamwogopa Mungu."